Sauti Chini ya Gari ya Baba Yako

Olenguruone, Jumatano

Kwako mwanangu Kipkemoi,

Sisi ni wazima, na yule ng'ombe mweupe amezaa. Nakuandikia kwa sababu kwa simu hunipi nafasi nimalize.

Ni ile gari ya forowili ya marehemu baba yako. Fundi alisema difu, ile ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, imekufa, ukaamua iuzwe kwa yule mnunuzi wa kutoka Bahati. Ukasema pia dadako Jepkemboi asiiguse, eti spana si ya msichana. Tangu hapo hataji jina lako.

Jana aliinua gari kwa magogo, akawasha injini, akatia gia magurudumu yazunguke hewani, akalala chini na bisibisi ndefu, ncha kwa chuma, mpini kwa sikio. Akaniita, "Mama, kuja usikie." Niliogopa, lakini nikalala kwa matope.

Kipkemoi, chuma inaongea! Kwa difu ilikuwa sauti laini, kama maziwa ikiingia kwa ndoo. Akasogeza bisibisi mbele, karibu na propela, ile chuma ndefu inayotoka kwa injini: kla, kla, kla.

"Difu ni nzima, Mama. Ni krosi, ile kiungo ya propela, imekauka grisi."

Nikakumbuka mkunga akiweka ile pembe yake ya kusikilizia kwa tumbo langu, nikiwa na mimba yako. Wote walisema umekufa. Yeye akasikiliza, akasema uko.

Ameweka krosi mpya. Leo tumepanda mlima na maziwa, gari kimya kabisa.

Mwambie mtu wa Bahati asije. Halafu mpigie dadako. Hata mimi nilimkataza spana, na nimeshamwomba msamaha. Umebaki wewe.

Mama yako anayekuombea,
Cherop