Redio ya Wambui Kifuani Mwangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimelisha kuku. Nimepumzika mara nyingi kuliko kuku wenyewe. Kifua kinapiga mluzi tangu alfajiri. Marehemu mke wangu, Wambui, aliuita redio. Hakupata usingizi bila huo mluzi. Akilala kwa dada yake, alirudi akinung'unika kuwa huko alikosa stesheni.

Jumatano, 5 Machi
Hospitali, mjini. Daktari kijana, ndevu zake bado zinaomba ruhusa. Ameniingizia mpira wenye kamera mpaka ndani ya kifua. Miaka yote navuta dawa ya pumu, kumbe si pumu. Kinyama kimeota ndani ya mrija wa hewa, upande wa kushoto. Si saratani. Adimu sana, asema. Nikamwambia hata mimi ni adimu, ila hakuna aliyewahi kuniletea wanafunzi waniangalie. Hakucheka.
Kisipotolewa, pafu litaharibika. Kikitolewa, mluzi utaisha.
Nimemwambia nitafikiria. Uongo. Nilishakataa.

Ijumaa, 7 Machi
Kileleshwa, kwa mjukuu wangu Nafula. Kazi yake ni kufundisha kompyuta kupanga safari za malori ya mkate. Inazalisha mipango kama kuku. Mizuri inapandishwa, vifaranga vinatoka tofauti kidogo, mibaya inachinjwa. Na kuna masharti: lori lisizidishe mzigo, mkate ufike kabla ya chai. Nikauliza, mpango ukivunja sharti, kisu? Si lazima. Uliovunja kidogo unaachwa uzae. Huenda mtoto wake akawa ndiye bora.
Nilicheka nikakosa hewa. Baba yake Wambui alikuwa na masharti: shamba, cheti, mtu wa kwao. Mimi kibarua kutoka Bungoma, darasa la nne. Nilivunja yote. Wambui alinipa uji kupitia tundu la ua, pale Kabiria, kila jioni, mpaka mzee akachoka kuziba tundu.
Nikamwambia Nafula kompyuta yake initafutie jibu. Kinyama kitoke, mluzi ubaki.
"Guka, hicho kinyama ndicho kinapiga mluzi. Hakuna jibu hapo."
"Wacha izae kwanza."
"Itazaa mpaka tukuzike!"
Hana adabu. Amerithi kwangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimeanguka nikimfukuza jogoo. Jirani, Mama Atieno, amenikuta chini, midomo imegeuka rangi. Jogoo kasimama juu yangu kama pasta.
"Mzee, ukifa leo huyo tunamla na ugali."
Nimeogopa. Siku zote najigamba niko tayari kumfuata Wambui. Siko tayari hata kidogo.
Nimempigia Nafula. Nimekubali.

Jumatano, 12 Machi
Kesho ndiyo siku. Nafula alitaka kuurekodi mluzi kwa simu. Nimekataa. Nani atausikiliza? Aliyeupenda hayupo. Nimekaa upande wake wa kitanda, nikavuta pumzi polepole, nikaupiga wote.

Jumanne, 18 Machi
Nyumbani. Walikitoa kinyama kupitia mdomoni. Kidogo kama harage. Kifua kimya. Nyumba kimya. Nimelia kidogo, basi.
Wambui alikuwa akisema mabati yetu hulia jua likianza kuyapasha. Nilimwambia anaota.
Asubuhi hii, bila mluzi, nimeyasikia. Tik. Tik-tik. Sikuamka kulisha kuku. Nimelala hapo nikisikiliza mpaka jua likapanda na bati la mwisho likanyamaza.