Kwa Baba, Aliyecheza Mzuka Akiwa na Malapa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloamka nalo kila asubuhi, na bado sijalizoea. Nimeolewa na Deo, yule yule ambaye ulipanda milima ya Matombo kwenda kuwaona watu wake. Ananiamsha kwa chai ya iliki na mdalasini wa kwao, anaweka kikombe kwenye stuli, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda na kunitazama ninavyokunywa, kama mkulima anayetazama mvua ikinyesha shambani kwake. Hapa Mwembesongo wapangaji wenzetu wanatucheka. "Nyie, hiyo asali itaisha!" anasema mama wa chumba cha mbele. Nami namjibu, "Mzinga ni wangu, dada, usihofu." Ungekuwepo ungejifanya hujasikia, halafu ungecheka umegeukia ukutani.

Lakini furaha yangu, baba, imepanga chumba kimoja na hofu. Nakuandikia wewe, na wengine wakisoma wasome tu, maana jambo lenyewe lilisemwa hadharani, tena kwa jina lako.

Unakumbuka bwalo la shule, nilipokuwa kidato cha tatu na wewe ndiye mwalimu wangu wa fasihi? Ulikuwa unatufundisha tanzia za Ulaya, zile tamthilia za miaka mia nne iliyopita ambazo mwisho wake ni maiti jukwaa zima. Kiingereza chake kilitushinda, ukaamua tuzicheze kwa Kiswahili. Mzuka ulicheza mwenyewe. Ulijifunga shuka la bwenini, ukapaka uso unga wa sembe, ukatokea nyuma ya rundo la meza ukinguruma, "Nilipizieni kisasi!" Wasichana wa mbele walipiga kelele za kweli. Ndipo Halima, mtundu wetu, akasimama. "Mwalimu, mzuka gani anavaa malapa?"

Tukatazama chini. Malapa yako ya bluu yalikuwa yametokeza chini ya shuka. Wewe hukuiacha sauti ya kaburini. "Huko niliko kuna miba!" ukasema, na bwalo zima likaangua kicheko.

Tulipotulia ulifuta uso, unga ukabaki kwenye nyusi, ukatuuliza mzuka yule amekuja kufanya nini. Tukasema kutisha. Ukakataa. Ulisema kama ni kutisha tu, wangeleta simba. Mzuka wa kwenye tanzia analeta kazi. Damu imemwagika, walio hai wamenyamaza, basi marehemu anapanda mwenyewe na kumtwisha mtoto wake mzigo, na kuanzia hapo kijana wa watu halali, hali, wala hawezi tena kumpenda mchumba wake. Ulituambia hata watazamaji wa enzi zile walibishana. Wengine waliamini roho ya marehemu inaweza kurudi kuomba msaada; wengine, waliotofautiana nao kwa dini, wakasema hakuna roho inayorudi, huyo ni shetani amevaa sura ya baba yako. "Kwa hiyo mwenye akili haanzi kwa kutii," ulisema. "Anaanza kwa kuuliza, wewe ni nani? Na anatazama miguuni."

Wachawi nao uliwapenda kuliko wafalme. Ulitutuma tutafute kwenye tamthilia yetu ya pili, ile yenye wachawi, ni nani aliyeuawa kwa mkono wa mchawi. Tukapekua kurasa, hatukumwona hata mmoja. "Wanasema tu," ukatuambia. "Tena wanasema nusu. Nusu ya pili mtu anaijaza mwenyewe, kwa tamaa yake au kwa hofu yake, kisha yeye ndiye anayeshika kisu." Ukaongeza jambo ambalo siku ile lilinipita. Watu walilipa kiingilio kwenda kuwatazama wachawi wa kuigiza, na katika nchi ile ile vikongwe wa kweli walikuwa wananyongwa kwa uchawi. "Tanzia yenyewe iko hapo, wanangu. Haiko jukwaani."

Sasa imefika kwetu.

Siku ile ya Matombo ulinipigia simu jioni, sauti imejaa kicheko. Kwa kina Deo ni ng'ambo ya bonde tu kutoka kwenu, ila uliondoka mdogo, hukuwafahamu. "Anje, mama," ukasema, "wewe umepata mume na mimi nimepata magimbi. Bibi yake anayapika kwa nazi, we acha tu. Nimeomba niongezewe, sufuria imeshakwanguliwa. Olewa upesi nirudi kule." Kesho yake presha ikakuangusha njiani, kabla hujafika kwenye gari. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Vidonge vyako ulikuwa unavisahau, sote tunajua.

Tulikuzika kwenye makaburi ya ukoo wenu, na mtani wenu Kobelo akafanya kazi ya mtani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Alivaa koti lako la kahawia, akachomeka chaki nyuma ya sikio, akatembea mikono nyuma katikati ya waombolezaji. "Nyie wa nyuma, mbona kelele? Hapa msibani au sokoni?" Nililia na kucheka kwa pamoja, maana alikuwa wewe kabisa. Mtu mmoja akamuuliza, "Mwalimu, umekufa na nini?" Kobelo, ambaye nilimsimulia ile simu yako, akanyoosha fimbo kuelekea mafigani, alipokuwa Bibi Skola, bibi yake Deo, akisaidia kupika. "Magimbi ya yule bibi! Nimeomba niongezewe, yameisha, nikafa kwa hasira!"

Watu walicheka, baba. Bibi Skola mwenyewe alicheka, akamtishia kwa mwiko. Lakini kicheko kilibaki pale msibani. Kilichosambaa milimani ni magimbi ya yule bibi. Na waliopokea maneno hayo hawakuambiwa ni Kobelo. Waliambiwa marehemu mwenyewe kasema.

Ndoa yetu ilifungwa kanisani misheni na shangazi Vero hakuja. Dada yako, aliyekubeba mgongoni! Kisha akaanza kukuota. Alinipigia simu nikiwa bado nina hina mikononi.

"Anjela, kaka kasimama mlangoni kwangu. Kaninyamazia."

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba. Baba yako hajatulia. Na wewe unalala na ukoo uliomla. Rudi nyumbani kabla hatujaweka msalaba kaburini. Yule bibi naye tutamletea mtu wa kumnyoa."

Unajua maana ya kunyolewa na mganga, ni kutangazwa mchawi mbele ya watu. Nywele zitaota tena, jina halioti. Tayari vijana walishafyeka migomba yake, na watoto wakitumwa maji wanazunguka mbali wasipite mlangoni kwake. Nilimweleza Deo yote. Mikono yake mizuri ile ililala magotini kama si yake. Kisha akasema, "Mke wangu, ukitaka kwenda sitakuzuia. Ila bibi simwachi." Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi, na wakati ule ule niliogopa. Maana mzigo ulikuwa umeshatua kwangu. Mimi ndiye yule kijana wa kwenye tanzia.

Tulipokwenda kuweka msalaba nilimfuata kwanza Kobelo shambani kwake, nikamwomba akanushe. Alilia, mtu mzima yule. "Mwanangu, mtani hakanushi utani. Nikikanusha watasema nimehongwa. Watasema kumbe lilikuwa neno la kweli." Nikamwacha na jembe lake.

Padre alibariki msalaba, akaondoka. Ndipo Bibi Skola akaja, peke yake, na sufuria kichwani. Hakuna aliyemwalika. Aliitua kwenye jamvi, akafunua, mvuke wa nazi ukapanda, na watu wakarudi nyuma hatua moja kama waliosukumwa. Shangazi akatoa koti lako kwenye mfuko wa plastiki, akampa Kobelo. "Livae. Leo kaka aseme mbele yake."

Kobelo akavaa. Hakuna aliyecheka. Deo alinishika mkono, nikauachia, nikaenda kukaa jamvini na kitenge changu kipya. "Bibi, shikamoo. Nipakulie," nikasema. Alinipakulia. Nikala. Watu wote walilitazama koo langu, baba. Yalikuwa matamu, na sikuweza kuyahisi vizuri kwa sababu ya machozi. Sikuwa na uhakika wa lolote isipokuwa ulichotufundisha. Basi nikainua macho na kutazama miguuni kwa mzuka. Koti lilikuwa lako. Chini yake yalikuwa mabuti ya mpira ya Kobelo, yamejaa udongo wa shamba lake.

Mabuti yale yakaja mpaka jamvini. Kobelo akakaa kando yangu, akachukua sahani, akala mpaka ikabaki nyeupe. Kisha akamnyooshea bibi sahani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti yako ile ya darasani:

"Bibi Skola, leo yapo? Niongezee."

Mzee mmoja wa nyuma akaguna, akacheka, na mwingine, na mama mmoja akasema, "Mwalimu na tumbo lake!" akaja kukaa. Hawakuja wote. Waliokuja walikula. Bibi Skola aliwapakulia mmoja mmoja.

Shangazi hakula. Alimvua Kobelo koti, akalikunja vizuri, akalikumbatia, akateremka njia ya kwake bila kutuaga. Habari ya mganga hakuisema tena, wala hajaniambia kwamba ameacha. Tangu tumerudi mjini, simu ikilia moyo wangu unakimbia kabla ya mkono. Deo ananiletea chai, ananiambia kunywa, mke wangu, na mimi nakunywa huku nasikiliza.

Ninalokuomba ni dogo. Ukienda tena mlangoni kwa shangazi, usimnyamazie. Anakulilia, baba, na kimya chako anakijaza mwenyewe. Mwambie ulishiba. Na vaa malapa yako akuone miguuni, ajue ni wewe.

Pumzika. Huku magimbi yapo.

Binti yako,
mke wa Deo