Aliyeutazama Mwezi wa Chauti

Bengaluru, siku ya pili ya Chauti

Kaka yangu Basavaraju,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi Lalita na watoto. Natumaini mvua za huko kwenye mashamba ya kahawa zimepungua, na goti lako linakubali kupanda ngazi za ofisi. Mimi sijambo. Mama naye hajambo. Leo mchana nilikuwa kwake, anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo haumwi. Nakuandikia kwa sababu simu huwa unaikata nikitaja nyumbani, na safari hii naomba unisikilize mpaka mwisho.

Jana Chauti, sikukuu ya mungu wetu Ganesha, ilinikuta kazini. Chombo chetu kisicho na mtu ndani kilikuwa kinafika mwezini. Kilitakiwa kiwashe injini kikiwa nyuma ya mwezi, kipunguze mwendo, kisha kianze kuuzunguka. Kikishindwa, kingepita moja kwa moja, na kazi ya miaka sita ingepotea nacho. Waandishi tulikuwa kumi na wanne, tumepangwa nyuma ya kioo cha chumba cha kukiongozea.

Tarehe yenyewe ilitaniwa sana, maana ndiyo siku ambayo kwetu mtu akiutazama mwezi hakosi kusingiziwa. Fundi mmoja alikuwa ameshafunga mapazia tangu saa tisa alasiri. Mwingine alitaka kujua kama kuutazama kwenye kompyuta nako kunahesabika. Mkuu wao, Bi Vanajakshi, mama mfupi mwenye maua ya asumini kwenye nywele, aliwajibu kwamba yeye ameutazama kila siku kwa miaka sita. “Nikisingiziwa nimemaliza vada zenu za dengu,” akasema, “mjue nimeonewa.”

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu chombo kilijificha. Kilitarajiwa kusikika tena saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili. Muda ukafika, skrini ikabaki tupu. Mwenzetu mmoja wa televisheni hakuweza kungoja. Aliitangazia nchi kwamba chombo kimepotea, na kwamba inasemekana Vanajakshi ametuma amri yenye makosa. Nilimuuliza inasemekana na nani. Aliniambia, dada, hilo tutalijua baadaye. Sekunde sabini na nane baada ya muda uliopangwa, mawimbi yakaja. Chombo kilikuwa mahali pake. Antena ndiyo iliyochelewa kuyakamata. Watu wakakumbatiana, yule fundi wa mapazia akalia waziwazi. Picha ya kwanza ilipoingia, nusu ya chumba waligeuza nyuso. Vanajakshi aliitazama mpaka akatosheka.

Wakati wa chai nilimpa pole kwa yale ya televisheni. Alicheka, akasema kwani hakuwaambia mapema. Ndipo nikamsimulia habari yako, kwa utani uleule wa nyumbani kila mwaka: kwamba ukiwa na miaka kumi na mitatu uliutazama mwezi wa Chauti, na kulipokucha ukawa mwizi wa darubini ya Mwalimu Puttaswamy. Hakucheka. Aliweka glasi chini, akaniuliza mbona hesabu yetu haikai sawa. Mwezi wa Chauti humfanya mtu asingiziwe, haumfanyi aibe. Kama tunaamini mwezi ndio uliokuponza, basi tunakubali hukuichukua. “Sasa dada,” akasema, “aliichukua nani?”

Miaka ishirini na minne nimelipwa kuuliza watu maswali. Hilo lilinishinda kulikwepa.

Niliichukua mimi, kaka. Nilikuwa na miaka tisa, nilitaka kuona kwa karibu kile tulichokatazwa. Nilipanda nayo darini, juu ya paa, nikayaona mashimo ya mwezi vizuri sana. Wakati nashuka, tulikutana kwenye ngazi. Uliniuliza kama nimekula, kisha ukapanda kuona nilikuwa natazama nini huko juu, na shangazi akakukuta umeinua uso. Asubuhi nilimsikia Mwalimu anapiga kelele uani kwamba ameibiwa, na shangazi akakutaja wewe. Darubini nilikuwa nayo bado. Haikuniponyoka, niliitupa kisimani. Baba alikupiga mbele ya watu wote nami nimesimama mlangoni. Mwalimu akakataa kusaini fomu yako ya shule ya Mysuru, na ulipofika miaka kumi na mitano ukaenda kwenye kahawa. Miaka minne baada ya siku ile alisaini yangu, bila kuuliza lolote. Mimi pia niliutazama mwezi ule, na mpaka leo sijasingiziwa kitu.

Sijui kama uliona nilichoficha kwenye sketi pale ngazini. Sitakuuliza. Ukitaka utaniambia.

Leo nimemwambia Mama. Alikuwa anakuna nazi, akaendelea kuikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akasema nitayarudia maneno hayo kwa kinywa changu, mbele ya wote waliokuwepo uani siku ile na bado wako hai, na wewe uwepo. Nimekubali. Hata gazetini kwetu, kosa la ukurasa wa kwanza husahihishwa ukurasa wa kwanza.

Sanamu ya Ganesha ilikuwa ipelekwe bwawani kuzamishwa kesho, siku ya tatu. Mama ameshawarudisha wapiga ngoma. Amesema Ganesha hatoki nyumbani kwake mpaka Basavaraju afike: isipokuwa siku ya tano itakuwa ya saba, isipokuwa ya saba itakuwa ya tisa, na ya kumi na moja pia ipo. Baba mdogo Channappa amemwonya kwamba udongo wa sanamu utaanza kupasuka. Mama amemjibu kwamba Ganesha apasuke tu, naye ni mgeni, na wageni hungojana.

Barua hii namkabidhi kondakta wa basi la asubuhi la kwenu. Basi hilohilo hugeuza saa nane kurudi huku.

Nisalimie wifi na watoto. Nafasi ikipatikana, njooni nyote. Mama anauliza kama bado huli maandazi ya kadubu ya mvuke, unataka ya kukaanga tu. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Nagaveni