Ndoo Bado Inapumua

Baba Kipusa,

Blup! Gizani nimeisikia ndoo ya bia ikipumua, nikajua haijamaliza kuchachuka. ~~Jaza chupa jioni.~~ Usijaze, zitapasuka. Iache mpaka mashapo yatulie chini na bia itakate. Usiitikise! Chupa nimeshazichemsha, ziko kabatini.

Alfajiri uliponuna, “Niliwaahidi wenzangu wa gereji bia yangu leo, wataniita mwongo,” nilicheka, kumbe nimekuchoma. Nisamehe, mume wangu. Nilikuwa nusu usingizini, kama ndotoni naziona chupa zako zimejaa, zimejipanga dirishani, jua likipita ndani yake, rangi ya asali. Waambie wasubiri. Kuchelewa si uongo.

Uji uko kwenye chupa ya chai.

Mama Kipusa

Kipusa ameamka, anamwambia jirani mlangoni: “Bia hii ameipika Baba mwenyewe.”