Sukari Chini ya Migomba

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa kwetu mtaani Sakina, marahaba sana. Mama yako amepona kikohozi. Babu yako mpya anakusalimu. Amevaa shati la bluu, na mimi bibi harusi wa miaka sitini na kitu namchungulia dirishani kama msichana!

Umeuliza kwa nini siku ya harusi yetu nilikataa chai yenye sukari.

Nilipoolewa mara ya kwanza, sukari ilikuwa na bei ya serikali, ila madukani haikuwepo. Nikamlilia baba, "Wageni wangu wanywe chai chungu?" Akanunua gunia kwa mlanguzi, akalifukia chini ya migomba. Mgambo walipokuja kupekua, sisimizi walikuwa wamejipanga mstari kuelekea shambani.

"Mzee, hawa wanakwenda harusini?" mmoja akacheka. Wakachimba.

Ya gerezani sitakueleza. Baba alipotoka, bei zilikuwa zimeshaachiwa huru. Sokoni Usa River tulikuta magunia ya sukari yako wazi.

"Bei ya serikali ni ngapi?" akamnong'oneza muuzaji.

"Mzee, hiyo ilishakufa! Wewe sema unataka kilo ngapi."

Akavua kofia, akasimama mbele ya ile sukari kama kaburini. Sheria ilikuwa imekwisha, lakini bado aligeuka kuangalia kama mgambo wanakuja. Tulimzika mwaka uleule.

Mume wangu hajawahi kuniuliza. Tangu harusi naye anakunywa chai chungu, akinitazama na kutabasamu. Neema, ninavyompenda! Leo nitamwambia.

Bibi yako