Vidonge Ulivyoficha Kwenye Koti

Kaka Marwa,

Moyo wako ulisimama siku arobaini na moja zilizopita, Alhamisi, saa tano asubuhi, kwenye karasha langu hapa Genkuru, mashine ikiendelea kusaga mawe.

Niliizima siku tatu tu. Wanasema nina roho ngumu. Waseme. Tangu dhahabu ivute watu hapa nimeosha mchanga miaka tisa ndipo nikanunua mashine, na hao wasemaji hakuna aliyenishikia hata karai.

Ila lipo moja linanila. Kolestro yako ilipofika 7.8, nilikuletea makopo ya virutubisho kutoka Sirari, mafuta ya samaki na kitunguu saumu. Muuzaji alisema, "Hivi vinakamata mafuta kwenye damu kama zebaki inavyokamata dhahabu." Sisi waosha mchanga tungebisha nini? Zebaki tunaijua! Vile vidonge vya kolestro ulivyopewa kliniki nikavicheka mbele ya vijana wa kazi: "Wee mura, kijana mzima, umeshakuwa babu?" Ukacheka nao. Ukasema umeviacha.

Miezi miwili, kipimo kikasoma 5.1. Tukachoma mbuzi, nikatangaza kila mahali kwamba ni makopo yangu.

Jana mkeo Bhoke alinipa koti lako. Mfukoni mna vidonge vya kliniki. Nikahesabu. Pakiti ina tarehe uliyopewa na idadi, tisini; vimebaki ishirini na tisa. Sitini na kimoja umemeza, kimoja kwa siku, mpaka siku ileile ya kipimo. Halafu ukaviacha kweli, ukijiona umepona. Na mimi nilikuwa nakupigia makofi, Kaka. Mimi, ninayejisifu kwa hesabu.

Sasa Bhoke naye kolestro yake iko juu. Anameza makopo uliyoacha, vya kliniki hataki kuviona. "Wifi, si makopo haya ndiyo yaliyomshusha Marwa kolestro?" Maneno hayo nilimfundisha mimi. Jana nikaaga, koti lako kwapani.

Pumzika, mtoto wa mama. Jumatatu nitampeleka kliniki mwenyewe, niweke koti lako mezani, nimweleze mbele ya daktari nilivyokosea. Hilo nakuahidi, hata akininunia mwaka mzima. Lakini atauliza kwa nini ulimficha hata yeye. Kwa hiyo kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi nataka jibu, usinizungushe: uliona aibu kwa sababu nilikucheka? Ndiyo au hapana.

Mdogo wako,
Gati