Tulivyokwenda Tuthu na Mama

Tetu,
S.L.P. Nyeri,
4 Septemba 1966

Mpendwa ndugu yangu Simeon,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo wewe, na shemeji Chiku hajambo? Yule mtoto mdogo kikohozi kimemwacha? Naandika kwa Kiswahili makusudi, ili Chiku aisome mwenyewe, asingoje mpaka utoke kazini kwenye mkonge ndipo umfasirie. Sisi huku tu wazima. Baridi ya Agosti iliunguza hata majani ya viazi, lakini ng'ombe amezaa na maziwa yapo.

Mama hajambo. Ila nina habari yake kubwa, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Unamkumbuka Moffat, yule seremala wa Ihururu. Alifungwa kambini pamoja na kaka yetu Gatimu wakati wa Hali ya Hatari, na alipofunguliwa ndiye aliyetuletea habari kwamba Gatimu amekufa kwa homa ya matumbo. Mama hakukubali. Hakuuona mwili, hakuonyeshwa kaburi. Tangu hapo, kila jioni tukisali rozari, anamtaja Gatimu pamoja na watu walio safarini. Hakuna aliyethubutu kumtaja pamoja na marehemu.

Kabura, mke wa Gatimu, amekaa na Mama miaka yote hii, akimlimia na kumtekea maji. Mwaka jana Moffat, ambaye mkewe alifariki zamani, alikuja kumposa. Kabura alimpenda, lakini akasema hatatoka kwa Mama bila baraka yake. Mama alimfukuza Moffat uani kwetu. "Ulimzika mtoto wangu kwa mdomo ili umchukue bibi yake!" Tangu siku ile hakumjibu hata salamu mlangoni mwa kanisa.

Basi, kwa sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, watu wa parokia walikwenda kuhiji kwa miguu hadi Tuthu, kule mapadri wa Konsolata walikoanzia. Mama akasema ataenda kumwombea Gatimu arudi. Nilipomwambia miguu yake imevimba alinijibu, "Hiyo miguu ni yangu, si yako." Nikafunga blanketi na viazi vitamu, tukatoka, mimi, yeye na Kabura. Moffat naye alikuwemo, nyuma kabisa, pamoja na wanaume waliobeba msalaba.

Tulisali rozari tukipanda na kushuka. Mmoja akiishiwa na pumzi, mwingine anapokea. Tulipita Othaya vizuri, lakini kwenye mteremko wa kwenda mto Mathioya miguu ya Mama ilikataa. Daraja lilikuwa la magogo, limelowa mvua. Akakaa chini kando ya njia, nasi tukamzunguka bila kujua la kufanya.

Moffat akaja, akachuchumaa mbele yake akimpa mgongo. Mama aliutazama ule mgongo kwa muda, nikadhani atautemea mate. Kisha akaupanda. Moffat alimvusha, akampandisha mlima wa pili.

Huko Tuthu, baada ya Misa, tulikaa kwenye nyasi tukila. Mama akamwita Moffat.

"Kaa hapa. Siku ile sikukuuliza. Sasa nauliza. Mtoto wangu alikufa namna gani?"

Moffat alivua kofia. Alisema walikuwa wamenyang'anywa rozari, kwa hiyo Gatimu alizihesabu Salamu Maria kwa vidole. Akainua mkono wa kushoto kumwonyesha, akaanza na kidole kidogo, akikunja kimoja kimoja. Simeon, unajua mwenyewe ni Mama aliyetufundisha kusali hivyo, shambani, mikono ikiwa na udongo. Siku ya mwisho alifika kidole cha tatu, sauti ikakatika.

"Hizo zingine nilimalizia mimi, Mama," akasema Moffat. "Nilimshika mkono nikazimalizia."

Mama hakulia pale. Aliuchukua ule mkono wa Moffat, akauweka mapajani pake, akabaki ameushika.

Baadaye padri aliita watu kwa maombi ya mwisho, kila mtu ataje nia yake. Mama akasimama akiniegemea. Akasema, na wote walimsikia, "Gatimu, mwanangu. Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Watu wakaitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie." Kabura akapiga magoti akaangua kilio, na Mama naye akainama kwake akalia. Nami nilimlilia kaka yetu kama amekufa siku ile. Wewe pia mlilie huko uliko, usione haya mbele ya watoto.

Misa yake ya marehemu ilisomwa Jumapili iliyopita. Moffat alikaa benchi moja na sisi.

Arusi yake na Kabura ni Novemba. Unajua Kabura hana wazazi, na watu walianza kuulizana atatokea nyumba gani. Mama akawakata maneno: atatoka kwake. Ameniagiza nikuandikie hivi hivi alivyosema: "Mwambie Simeon aje, dada yake anaolewa."

Wangechi wa shangazi anawasalimu, na mzee Mutahi anauliza kama umeacha sigara. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu. Mama Maria Mfariji awafunike kwa shuka lake, mlale na kuamka salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Murugi